Bwana Afya na Pua za Nyumba

Kuna watu wakiingia nyumbani kwako wanaangalia viti. Wengine wanaangalia picha za ukutani, na wengine, Mungu awasamehe, wanaangalia kama kuna sufuria jikoni. Bwana Afya alikuwa akiangalia juu. Alikupa mkono, akakuuliza habari za watoto, lakini macho yake yalikuwa yameshapanda ukutani, pale juu ya dirisha, chini kidogo ya paa. Usipomjua ungedhani kuna nyoka kwenye kenchi nyuma yako. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niligeuka kwa kasi nikajigonga mlangoni.

Nilimjua kwanza Kitale, halafu Bungoma, na kwa miaka hiyo yote sikusikia mtu akitaja jina lake. Watoto walimwita Bwana Afya. Wenye majengo walimwita Bwana Afya, wakiongeza mengine akishapita. Hata mkewe nilimsikia siku moja: "Bwana Afya, chai inapoa." Kazi yake ilikuwa kukagua majengo kwa niaba ya baraza la mji. Choo kiko wapi, maji machafu yanaelekea wapi, na zaidi ya yote, hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Sheria ilisema kila chumba ambacho watu wanalala au kufanya kazi kiwe na matundu ya hewa juu ukutani, matundu yasiyofungika. Sheria yenyewe ilikuwa imelala kwenye vitabu vya baraza tangu zamani, imefunikwa vumbi kama blanketi. Yeye ndiye aliyeiamsha, akaivalisha viatu, akaizungusha mjini.

Na aliieleza vizuri kuliko ilivyoandikwa. "Dirisha ni jicho," alikuwa akisema. "Mlango ni mdomo. Usiku ukilala unafunga macho, unafunga mdomo. Sasa niambie, pua unafunga?"

Mtu akisema hafungi, yeye ananyoosha kidole juu. "Basi nyumba yako iko wapi pua?"

Watu wa Kitale walicheka, wakaenda nyumbani, wakaziba pua. Tuwaelewe. Julai ya Kitale si mchezo. Baridi inashuka kutoka Mlima Elgon imekunja mikono ya shati, inaingia chumbani bila hodi, na ukimsalimia jirani aliye upande wa pili wa barabara, salamu inaganda njiani, anaipokea saa nne jua likitoka. Katika hali hiyo, mtu akikuambia uache tundu wazi juu ya kitanda chako, unamwona ni adui. Kwa hiyo matundu yalizibwa kwa magunia, kwa magazeti, kwa suruali zilizochoka. Halafu mtu akaingiza jiko la makaa chumbani ili apate joto, akafunga mlango, akalala. Wengine waliamka na kichwa kizito. Wengine hawakuamka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi ya Bwana Afya na mji mzima: moshi unaona, unakohoa, unatoka nje, lakini sumu ya makaa haina rangi wala harufu, inakuja kama usingizi.

Sasa mimi nina swali moja juu yake, na nimelibeba miaka mingi. Mtu aliyeweza kusimama getini akajua chumba cha ndani hakipumui, ilikuwaje akakaa muda wote ule kwenye darasa letu la jioni, mgongo wake kwenye ukuta ule, asione kitu? Nitafika hapo. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Alitembea na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba kulikuwa na magunzi ya mahindi. Ndiyo, magunzi yenyewe, yale tunayobaki nayo tukishapukuchua. Huko kwetu gunzi ni la kuwashia moto na la matumizi mengine ambayo sitayataja hapa. Kwake lilikuwa chombo cha kazi. Akiingia chumbani alilichoma ncha, akalipuliza mwali uzime, likabaki likifuka. Kisha alilishika juu ya kichwa akaangalia moshi unaenda wapi. Moshi ukielekea kwenye tundu na kutoka, alisema, "Hii inapumua." Ukizunguka tu juu kama mgeni asiyejua pa kulala, alisema, "Hii imekufa, hatujaizika tu."

Gunzi hilo ndilo lililomaliza ujanja wa wenye ploti, hao wa vyumba vya kupangisha. Ujanja ulikuwa hivi. Mwenye ploti alijenga vizuri, akaweka matofali yenye matundu kila chumba, mstari ulionyooka, ukipita barabarani unayaona, unampongeza. Baraza likipitisha jengo tu, fundi anarudi kwa ndani anapiga plasta. Nje pua, ndani ukuta. Mpangaji anafurahi hakuna baridi, mwenye ploti anafurahi vyumba vimejaa, na matundu yanabaki pale nje kama meno ya bandia.

Nilimshuhudia akimshika mzee mmoja na ujanja huo. Mzee alikuwa na vyumba kama kumi na viwili, na alisimama uani mikono kiunoni.

"Si unaona matundu, Bwana Afya? Hesabu mwenyewe."

"Nimeyaona. Ni mazuri sana."

"Sasa unataka nini tena, bana?"

"Nataka kuona yanaenda wapi."

Akaingia chumba cha kwanza na gunzi lake. Moshi ukapanda, ukafika juu, ukakosa njia, ukaanza kumrudia mzee mwenyewe usoni. Mzee alikohoa mpaka kofia ikaanguka.

"Umeona?" akasema Bwana Afya. "Hata moshi umeuliza mwenye nyumba ni nani, ukaelekezwa kwako."

Lakini hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia achimbue plasta, akamwambia na lini atarudi, na akarudi kweli. Akiwa anaondoka alisimama mbele ya ghala la mahindi la mzee. Mmeyaona maghala yetu: yameinuliwa juu ya nguzo, kuta ni fito zenye nafasi katikati, upepo unapita huku na huku. Akaligusa kwa mkono kama mtu anayemgusa ng'ombe aliyenona.

"Mzee, kwa nini hili hukulipiga plasta?"

"Ati plasta? Mahindi si yataoza!"

"Ahaa," akasema Bwana Afya, akapanda baiskeli yake. Nilipenda alivyoondoka bila kumalizia.

Na mtu huyu wa hewa, msije mkadhani alikuwa rafiki wa upepo. Aliogopa baridi kuliko paka. Alivaa sweta juu ya sweta juu ya sweta, koti juu, na skafu ambayo kama ingenyooshwa ingefika Webuye. Mwezi wa Julai ungeona mzigo wa nguo unaendesha baiskeli na katikati yake macho mawili. Wazee wenzake wa Kibukusu hawakumwachia.

"Wewe kweli ulisimama mtoni?" walimuuliza. Kwetu kijana anayetahiriwa Agosti anapelekwa mtoni alfajiri, anapakwa matope ya baridi mwili mzima, halafu anatembea uchi mpaka kwao akasimame mbele ya kisu bila kupepesa jicho. "Mtu aliyepakwa matope anaogopa upepo wa ofisini?"

"Nilisimama," alijibu. "Na baridi yangu yote niliimaliza pale. Sina deni nayo."

Kitu kingine: alivuta sigara. Mtu wa hewa safi! Ila hakuvuta chini ya paa, hata mvua ikinyesha. Ungemkuta nyuma ya ofisi za baraza, mwavuli mkono mmoja, sigara mkono mwingine, amegeuzia uso upande ambao upepo hautampelekea mtu yeyote moshi. Nilimuuliza haoni ni kinyume. Akafikiri kwa uzito kama vile nimemuuliza habari za ufufuo.

"Hewa ni ya watu wote, Wafula. Mapafu ni yangu."

Kanisa moja dogo lilijengwa kwa mabati pande zote, dirisha moja upande wa mchungaji. Waumini walikuwa wakizimia Jumapili na kila anayezimia alihesabiwa amejazwa na Roho. Bwana Afya alienda, akakaa ibada nzima, akaimba, akatoa sadaka. Baadaye akamwambia mchungaji afungue matundu. Mchungaji akamjibu kwa upole kwamba katika nyumba ile Roho Mtakatifu ndiye hewa yao.

"Sikatai, Mchungaji," akasema. "Lakini Roho anapenya bati. Hewa haijapewa uwezo huo."

Matundu yalikatwa. Waliozimia walipungua, na kuna mama mmoja alilalamika kwamba kanisa limepoa kiroho.

Kulikuwa pia na banda la video karibu na stendi, kuta zimefunikwa mapazia meusi, vijana wamebanana kama dagaa wa omena kwenye debe. Bwana Afya alilipa kiingilio, akakaa mbele, akaangalia filamu ya mateke kutoka mwanzo mpaka adui mkubwa alipoanguka. Ndipo akasimama, akawasha taa, akalifunga banda. Vijana walipiga kelele. Aliwaambia, "Si nimewaachia mmalizie?" Nasikia alimuuliza mwenye banda kama sehemu ya pili ya filamu ile itakuja.

Na huko Bungoma alikohamia baadaye, ambako shida si baridi bali joto, alikuta saiba moja imejaa kompyuta kuukuu, kila moja inatoa joto kama jiko. Madirisha yamefungwa vumbi lisiingie. Mwenyewe, kijana mtanashati, alikuwa amefunga feni kubwa darini na alijivunia.

"Hapa kuna kiyoyozi, mzee wangu."

Bwana Afya alikaa chini ya feni, akafumba macho. "Hii feni inatoa hewa wapi?"

"Haitoi. Inazungusha."

"Kumbe umeajiri mtu wa kuzungusha joto," akasema. "Na unamlipia stima."

Hayo ndiyo niliyopenda kwake. Alikuwa na udadisi. Hakuamini kitu mpaka akikalie, akiguse, akinuse. Ndiyo maana swali langu linaniwasha.

Sasa darasa. Mchana nilikuwa nikibeba simiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na jioni nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, mtu mzima mwenye ndevu, nimekunja miguu chini ya dawati. Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya bekari. Tulikuwa mchanganyiko: askari wa usiku waliosoma saa mbili kabla ya zamu, utingo mmoja aliyeita kila mtu "dosi", yaani bosi, na wamama wa soko. Mkuu wetu kati ya wamama alikuwa Mama Nekesa. Aliuza omena, na omena yake ilifika darasani kabla yake. Alikuwa na neno moja tu alilolitaka duniani: kufundisha watoto wadogo. Miaka mingi alikuwa amewafundisha Jumapili kanisani, na mtoto aliyepita kwake alijua kusoma kabla ya kujua kufunga viatu. Lakini chuo cha walimu wa nasari kilitaka cheti cha sekondari, na yeye aliacha shule kidato cha pili. Kwa hiyo alirudi. Nekesa mwenyewe, binti yake wa darasa la saba, ndiye aliyekuwa akimsahihishia insha nyumbani, bila huruma.

Bwana Afya alitufundisha bayolojia. Alitoka kazini, akaweka mkoba kando, akavuta kiti mpaka kwenye ukuta wa nyuma, akaegemea. Ukuta ule ulikuwa na joto. Dohani la kutolea moshi wa tanuri ya bekari lilipanda ndani yake, na jioni mikate ilipokuwa ikiokwa, ukuta uligeuka blanketi. Tuligombania madawati ya nyuma kama wabunge. Kitale nzima ilitetemeka, sisi tulikaa kwenye joto la bure na harufu ya mkate juu yake. Bwana Afya alifungua kifungo cha koti. Nyumbani kwake sijawahi kumwona akifungua.

Kichwa kilituuma, sawa. Kila jioni, masomo yakifika saa ya pili hivi, kichwa kilianza kugonga. Wote tulilaumu hesabu. Nani asiyeumwa kichwa na hesabu? Utingo alisema logarithimu zina jini. Tulikula vidonge, tukaendelea.

Jioni moja ya Julai Mama Nekesa alisimama kujibu swali, akasema "Mwalimu, figo..." akaanguka. Ningependa kuwaambia somo lilikuwa la mapafu, lingependeza zaidi, lakini lilikuwa la figo. Tulimbeba ngazini, mimi miguuni na askari wawili mabegani, tukamlaza barazani kwenye baridi. Baada ya muda akafungua macho. Kitu cha kwanza aliulizia leso yake. Cha pili alisema turudi darasani, mtihani uko karibu.

Nilipanda kumletea mfuko wake. Bwana Afya alikuwa peke yake, amesimama juu ya dawati, gunzi linafuka mkononi. Moshi ulikuwa umetanda chini ya dari, umetulia, hauna pa kwenda. Alikuwa ameshika funguo kwa mkono mwingine, anakwaruza ukuta pale juu ya dirisha. Plasta ikadondoka. Nyuma ya plasta kulikuwa na tofali lenye matundu. Lile lile tulilokuwa tukiliona kutoka barabarani kila siku.

"Wafula," akasema bila kugeuka, "wewe kichwa kinakuuma?"

"Kila siku, Mwalimu. Si ni hesabu?"

Akashuka. Akaenda kwenye ukuta wake wa joto, akapitisha kiganja kwenye nyufa za dohani, moja baada ya nyingine.

Siku iliyofuata mlango ulikuwa na mnyororo, na amri ya baraza imebandikwa. Darasa limefungwa, bekari nayo imesimamishwa mpaka dohani lijengwe upya. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale barabarani, hakujificha, akiwa na masweta yake yote. Mama Nekesa alimfikia kwanza.

"Mwalimu, aliyeanguka ni mimi ama ni wewe?"

"Ni wewe, Mama."

"Na mimi nimesema niko sawa. Sikukula mchana, basi. Sasa unafunga darasa kwa sababu ya njaa yangu?"

"Si njaa."

"Mtihani umebakisha wiki ngapi? Mimi nimengoja hii cheti tangu Nekesa akiwa tumboni! Saa hii yeye ndiye ananipigia tiki na makosa!"

"Mama, mtihani unaweza kurudiwa."

"Na nani? Wewe ndio utaniuzia omena nikirudia?"

Watu walikuwa wameshajaa. Waokaji wa bekari wametoka na aproni zao, wamenuna, kazi imesimama. Utingo alijaribu kusuluhisha, "Tulieni, madosi," hakuna aliyemsikia. Mama Nekesa akasogea karibu, sauti ikashuka, na ikishuka ndiyo mbaya.

"Ulikaa kwa huo ukuta mihula miwili, Mwalimu. Ukiota moto kama paka. Wewe mwenye kujua hewa yote ya Kitale. Ulikuwa wapi?"

Bwana Afya akamwangalia mpaka mama akageuka mwenyewe na kwenda zake.

Msidhani mama huyo alikwenda kulia. Alikwenda kwa shemeji yake pembeni ya mji, mkulima mwenye ghala kubwa la mahindi ambalo msimu huo lilikuwa tupu. Baada ya siku chache tulikuwa humo, tumepanda ngazi ya fito kama kuku, taa ya karabai imening'inia, upepo unapita kwenye kuta kama hazipo. Chaki iliganda. Mate yaliganda. Niliandika insha nzima nikiwa na glavu za kubebea simiti. Lakini vichwa vilinyamaza, vyote, hata kwenye saa ya logarithimu, na tukaangaliana tukaona aibu ya kuitukana hesabu muda wote huo.

Bwana Afya alikuja jioni ya pili. Alisimama chini ya ngazi. Mama Nekesa alikuwa juu mlangoni.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe. Umekuja kama nani?"

Akafikiri. "Kama mwalimu."

"Mwalimu apande. Yule mwingine abaki huko chini."

Akapanda. Akafundisha mpaka mtihani, amejifunga mablanketi, meno yakigongana kwenye kila neno la Kilatini. Mavuno yalipofika tulikuwa bado humo, na shemeji alikuwa akizungukazunguka nje na magunia yake, akiuliza hao wanafunzi wataiva lini, mahindi yake yameshaiva. Mimi nilipita kwa alama ambazo sizitaji kwa unyenyekevu, na kwa sababu nyingine pia. Mama Nekesa alipita, akaenda chuo. Bwana Afya hakuulizwa tena swali lile, na hakulijibu. Mwaka uliofuata alihamishiwa Bungoma. Wengine walisema mwenye jengo alikuwa na mkono mrefu. Mimi nadhani aliikimbia Julai.

Mara ya mwisho nilimwona mwishoni mwa miaka yake ya Bungoma. Nami nilikuwa nimeshuka Bungoma, nauza mabati, mtu mwenye cheti na dawati. Mama Nekesa alikuwa amerudi kwao Misikhu, upande huo huo wa Bungoma, na alikuwa amejenga. Chumba kimoja kirefu cha matofali, mabati kutoka kwangu, viti vidogo vya rangi vimepangwa, herufi zimechorwa ukutani. Nasari yake mwenyewe. Ilikuwa Januari, watoto walikuwa waanze Jumatatu, na kilichobaki ni mkaguzi kuja kusema ndiyo. Nilikwenda siku hiyo kwa sababu nilitaka kuona bati langu likisifiwa. Tukasikia baiskeli.

Alikuwa amezeeka. Alikuwa amebakisha siku chache astaafu, na kwenye jua la Bungoma alivaa shati tu, hata ikawa vigumu kumtambua, kumbe chini ya masweta yale kulikuwa na mtu mwembamba. Walisalimiana kwa mikono miwili, wakacheka, wakaulizana habari za Nekesa, ambaye sasa naye alikuwa chuo. Halafu macho yake yakapanda.

Mama alikuwa amejitayarisha. Matundu yalikuwa kila upande, makubwa, yenye waya wa kuzuia ndege. "Angalia vizuri, Mwalimu. Hata ndani nimeacha wazi, ingiza mkono."

Akaingiza mkono. Akatabasamu. Halafu akatuomba tutoke nje. Akafunga mlango, na kupitia dirishani nikamwona akivuta kiti kimoja cha mtoto, akakikalia, magoti yamefika masikioni.

"Anafanya nini huko?" Mama Nekesa alininong'oneza.

"Amekaa."

"Anakaa nini muda wote huu?"

Jua lilikuwa utosini. Mabati yalikuwa yakilia, kwa-kwa-kwa, yakitanuka. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni, jasho linamdondoka kidevuni. Alijifuta, akakaa kwenye tofali lililobaki.

"Hewa inaingia, Mama. Lakini paa liko chini, na hakuna silingi ya kuzuia joto la bati. Hewa ikishaingia inaiva. Watoto wako wataiva nayo. Ukuta unataka kozi tatu zaidi za matofali, na silingi bodi."

Mama Nekesa alichungulia viti vidogo dirishani. "Watoto wanakuja Jumatatu."

"Najua."

"Wazazi wameshashona yunifomu."

"Najua, Mama."

"Kwa hivyo unafunga."

"Nafunga."

Akacheka, cheko lisilo na furaha ndani. "Kumbe wewe uliumbwa uje unifungie. Lakini hapa hakuna mtu ameanguka, Mwalimu. Hata mmoja. Angalau kule Kitale ulifunga nikiwa nimeshaanguka."

"Kule nilichelewa," akasema Bwana Afya.

Nilidhani amemaliza. Alikuwa akiangalia viganja vyake.

"Ule ukuta ulikuwa na joto. Mimi najua ukuta hauwi na joto bure. Siku ya kwanza tu nilipoegemea nilijua niuulize. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye baridi mchana kutwa, na lilikuwa joto zuri. Nikajiambia kazi imekwisha saa kumi na moja, hapa mimi ni mwalimu. Kila jioni nilijiambia hivyo, mpaka wewe ukaanguka."

Barabarani mtu alipita na punda wa maji. Mama Nekesa alikuwa ameinua kichwa, analiangalia paa, mpaka nikafikiri hakusikia. Nami nilikuwa nimepata jibu langu, na sikujua la kulifanyia.

"Wafula," akasema mama.

"Naam."

"Hizi mabati ukizitoa polepole, zitarudi?"

"Zitarudi, Mama. Ni misumari tu tutapoteza."

"Na kozi tatu, mafundi wawili, wanaweza fika wapi hadi Jumatatu?"

"Hawatamaliza."

"Sijauliza watamaliza. Nimeuliza watafika wapi."

Bwana Afya akasimama, akajikung'uta vumbi. "Wakifika popote, mimi nitakuwa hapa Jumatatu kuona watoto wamekaa kivulini."

"Utakuja kama nani?"

"Jumatatu sitakuwa na cheo tena," akasema. "Nitakuja tu."

Mama akanigeukia. "Leta ngazi."

Nikaileta. Bwana Afya akaishika chini kwa mikono miwili, Mama Nekesa akanipa nyundo, nikapanda. Niling'oa msumari wa kwanza, wa pili, nikainua ncha ya bati, na joto lililokuwa limefungiwa humo likanipiga usoni kama umati unaotoka uwanjani.

"Kuna nini huko juu?" mama akaita.

"Joto, Mama!"

"Basi sogea kando," Bwana Afya akasema kutoka chini, "lipite."